Kubeba Godoro: Mwongozo wa Kumsindikiza Mkristo Anayeelekea Mwisho wa Safari

Katika Marko sura ya 2 watu wanne wanambeba mwenye kupooza. Wanakuta nyumba imefurika, wanapanda juu, wanatoboa dari na kumteremsha akiwa juu ya godoro lake. Kisha Marko anaandika: "Naye Yesu, alipoiona imani yao..." Imani yao, wale waliobeba. Aliyelala hasemi hata neno moja katika habari nzima.

Neno hilo nililisikia kanisani tangu utoto, lakini lilinigusa mwaka ambao baba aliugua saratani ya umio, ile njia ya kupitisha chakula. Alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na aliimba besi katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu walitarajia afe kama Stefano, akitazama mbingu zilizofunguka. Kumbe wiki zake za mwisho hakuweza kusali zaidi ya sentensi moja, na siku nyingine hata hiyo ilimshinda. Tulidhani imani inamponyoka. Ilituchukua muda kuelewa kwamba zamu ya kubeba ilikuwa imetufikia sisi.

Haya ninayaandika kwa ajili ya wabebaji: mke, mume, watoto, majirani wa jumuiya, mwinjilisti wa mtaa. Nimeyapanga kwa hatua, ila nyumbani kwako huenda hatua ya tano ikaja kabla ya ya pili. Usijali.

Hatua ya 1: Tuliza maumivu kwanza, ndipo mfungue Biblia

Kosa letu kubwa lilikuwa kumhubiria mtu anayeungua kwa maumivu. Jioni moja tulisali kwa zamu karibu saa nzima kuzunguka kitanda chake. Tulipomaliza na kuitikia amina, baba akafumbua macho, akasema polepole: "Mmesali vizuri, wanangu. Sasa nipeni dawa."

Mtu mwenye maumivu makali hawezi kusikiliza Zaburi. Hilo Cicely Saunders alilijua. Alikuwa Mkristo wa Uingereza aliyeanza kama muuguzi, akaishia kuwa daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, London, nyumba ya kuwatunza watu walio mwishoni mwa maisha. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu nne zilizofungamana: mwili, fikra, mahusiano na watu, na roho. Ukiacha moja, nyingine hazitulii. Huduma iliyotokana na mafundisho hayo sisi tunaiita tiba shufaa. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa nchini Uganda, ambako mofini, dawa ya maumivu makali, ilifika hadi majumbani ikiwa ya maji ya kunywa. Tanzania kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali kadhaa za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zina timu za tiba shufaa zinazotembelea wagonjwa nyumbani. Selian, Arusha, ni mojawapo ya zilizotangulia. Uliza hospitali ya wilaya au ya kanisa iliyo karibu nawe, na uulize kwa jina hilo hilo: tiba shufaa. Ukisema tu "mgonjwa wetu anaumwa sana," mnaweza kurudishwa na panadoli.

Kuhusu mofini, haya ndiyo yanayowasumbua watu. Hutolewa kwa saa, haisubiri mgonjwa alie. Kwa ile ya maji, mpangilio wa kawaida ni kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na mara nyingi dozi hiyo ya usiku daktari huiongeza ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Kipimo anakipanga mtaalamu, si shangazi wala duka la dawa. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Kufunga choo hakuzoeleki: dai dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayopewa mofini. Nunua daftari dogo, andika saa, kiasi na jina la aliyempa. Letu lilikuwa daftari la shule la kurasa arobaini na nane, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, maana bila kamba wajukuu walikuwa wanalichorea.

Yupo atakayesema mofini inaua. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haiharakishi kifo. Inachoondoa ni mateso. Mwingine atakuja na hoja nzito zaidi, kwamba Yesu msalabani aliikataa divai iliyotiwa manemane, kwa hiyo Mkristo avumilie. Ni kweli aliikataa. Lakini kikombe kile kilikuwa chake kwa kazi ambayo hakuna mwingine aliyepewa. Timotheo mwenye tumbo bovu aliambiwa na Paulo atumie mvinyo kidogo, na jipu la mfalme Hezekia lilibandikwa mkate wa tini baada ya Mungu kuahidi kumponya. Tini na maombi vilikwenda pamoja.

Hatua ya 2: Muulize anajua nini

Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa ya siku tatu, sawa. Kwa mtu anayekufa, methali hiyo huwa kifuniko: familia nzima inajua, yeye tu haambiwi, naye anajua lakini hataki kuwaumiza. Mnaishi mnadanganyana kwa upendo.

Usianze na tangazo. Anza na swali, mkiwa wawili tu, asubuhi akiwa na nguvu: "Baba, ugonjwa huu wewe mwenyewe unauonaje?" Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, usiujaze. Baba yangu alitazama dirishani, akasema, "Nauona kama mtihani uliokwisha kusahihishwa." Mwalimu hadi mwisho. Kuanzia siku hiyo hatukuhitaji tena kutabasamu kwa nguvu tukiingia chumbani.

Kama hataki kujua, heshimu. Atauliza siku yake, na mara nyingi atamuuliza mtu usiyemtegemea: mfanyakazi wa ndani au mjukuu.

Hatua ya 3: Mwache alalamike

Hapa ndipo Wakristo wengi wazuri huharibu. Mgonjwa akisema, "Mungu ameniacha," tunaruka: "Usiseme hivyo, Baba! Kiri ushindi!" Anafunga mdomo. Kuanzia hapo anakufa peke yake huku akituitikia amina.

Biblia ina ujasiri kuliko sisi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila mstari hata mmoja wa shukrani mwishoni, na bado imewekwa katika kitabu cha sifa. Yesu mwenyewe alilia "Eloi, Eloi, lama sabakthani?", na hakuna aliyesema amepungukiwa imani. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Kwa hiyo akilalamika, fanya mambo mawili tu. Rudia alichosema kwa maneno yako ili ajue umesikia: "Unaona kama umesali na hujibiwi." Kisha kaa. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mambo yaliharibika walipoanza kufafanua. Ukishaona kimya kinaruhusu, msomee Zaburi ya 88 au ya 22 yenyewe. Niliogopa kuisoma ya 88, nikidhani itamzamisha. Nilipomaliza baba akasema, "Kumbe imo."

Hatua ya 4: Sala fupi, maneno ya zamani

Sala ya dakika ishirini ni ya mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa, dakika tatu zinatosha, lakini kila siku na kwa saa ile ile. Sisi tulizifunga na saa za dawa: ya asubuhi na ya usiku. Kwanza dawa, kisha mstari mmoja wa Neno, Baba Yetu na baraka.

Chagua maneno anayoyajua tangu kipaimara au katekisimu. Huu si wakati wa kumfundisha tafsiri mpya ya Biblia au pambio lililotoka mwaka jana. Mtu anayesahau jina la mtoto wake bado anaweza kumalizia "Bwana ndiye mchungaji wangu" ukimwanzishia. Kama alijifunza kusali kwa lugha ya nyumbani, Kichaga, Kihehe, Kigogo, sali kwa hiyo. Mama alikuwa akimnong'oneza baba Kichaga, nami nikiona vidole vyake vikilegea.

Wimbo pia. Uimbwe na mtu mmoja au wawili, kwa sauti ya chini, beti moja au mbili. Angalia midomo yake. Baba alipokosa sauti kabisa aliendelea kuitikia besi kwa koo tu, mtetemo ambao uliusikia ukiweka kiganja kifuani kwake.

Siku asipotaka, msisali kwa sauti. Mwambie, "Leo tutasali sisi jikoni kwa niaba yako." Na kweli mkasali huko jikoni.

Hatua ya 5: Mwite mtumishi mapema

Watu huogopa kumwita mchungaji au padre kwa sababu mgonjwa "atajua anakufa". Anajua. Mwite angali anaweza kuzungumza, maana kuna mambo hataki kukwambia wewe mwanawe.

Kwa Wakatoliki, Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si ya pumzi ya mwisho. Hutolewa ugonjwa unapokuwa mzito, na yaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Ni padre au askofu tu anayeitoa, ila mhudumu aliyeruhusiwa anaweza kumletea Komunyo kati ya ziara za padre. Walutheri na Waanglikana humletea Chakula cha Bwana nyumbani na kumsikiliza akiungama. Kwa Wapentekoste ni wazee wa kanisa na mafuta, kama Yakobo 5 inavyoagiza. Tayarisha meza ndogo yenye kitambaa safi, maji ya kunywa, na kiti cha mtumishi karibu na kichwa cha mgonjwa. Zima redio. Kisha tokeni nje wakati wa maungamo, hata mama.

Mwambie mtumishi mapema kama mgonjwa hawezi kumeza. Baba hakuweza. Mchungaji wetu alikata hostia, akabaki na kipande kama punje ya mchele, akakichovya kwenye divai na kukiweka kwenye ulimi kwa kijiko cha chai. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyeharakisha. Kama hata punje hiyo haipiti, baraka na kuwekewa mikono havihitaji koo.

Hatua ya 6: Chunga mlango

Wageni ni baraka, na wageni ni balaa. Jioni moja walikuja watu kumi na watano na kinanda. Baba aligeukia ukutani. Baadaye nikakumbuka kwamba hata Hezekia, alipoambiwa atakufa, aligeuzia uso wake ukutani.

Mteue mtu mmoja awe mlinzi wa mlango. Asiwe mke wa mgonjwa, kwa sababu yeye hawezi kukataa. Kwetu alikuwa shangazi. Watu watatu kwa wakati mmoja, dakika kumi na tano, wengine wakae sebuleni na wapewe chai. Mkizoesha hivyo tangu mwanzo hakuna anayenuna.

Kisha kuna mgeni wa aina nyingine, anayekuja na chupa ya mafuta au maji na unabii. Sisemi msiombe uponyaji. Ombeni, nami niliomba hadi wiki ya mwisho. Ila nilimwekea mlinzi wa mlango kanuni mbili: anayemwambia mgonjwa aache dawa haingii tena, na anayeomba fedha ili aombe haingii kabisa. Kanuni ya kwanza naishikilia kwa uchungu, kwa kuwa nimeona watu wakizikwa baada ya kuacha ARV kwa neno la madhabahuni.

Wakikuambia mgonjwa haponi kwa sababu imani yake ni ndogo, wakumbushe barua ya pili kwa Timotheo. Paulo, aliyewahi kuponya watu kwa leso zake, anaandika karibu na kufa: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hamlaumu Trofimo wala hajilaumu. Sura hiyo hiyo ina yale maneno tunayoyasoma misibani, "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda," na mistari michache mbele mtu huyo huyo anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, na Timotheo ajitahidi kufika kabla ya baridi. Imani imelindwa, na baridi inauma. Mletee mgonjwa wako blanketi.

Hatua ya 7: Tengeneza mambo ya nyumba

"Tengeneza mambo ya nyumba yako," Isaya alimwambia Hezekia. Wosia hauharakishi kifo. Uandikwe akili ikiwa timamu, mbele ya mashahidi wasio warithi, ikiwezekana kwa msaada wa mwanasheria. Tanzania, ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, husaidia kuandika na kuhifadhi wosia. Aseme wazi kuhusu shamba, nyumba, madeni anayodai na anayodaiwa, na mahali anapotaka kuzikwa. Ugomvi wa makaburi umevunja jumuiya nyingi.

Maridhiano ni magumu zaidi. Usimlazimishe mgonjwa kukutana na adui yake kitandani ili ninyi mpate picha ya amani. Muulize: "Yupo mtu unayetamani kumwona?" Baba alimtaja mdogo wake ambaye hawakuwa wanasalimiana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Alikuja. Hawakuzungumzia mpaka. Baba mdogo alikata kucha za miguu za kaka yake, taratibu, kwa kisu kidogo, kisha akaondoka. Asiyeweza kuja, apigiwe simu. Asiyepatikana, mgonjwa amtaje kwa jina katika sala, na mtumishi amtangazie msamaha.

Hatua ya 8: Siku na saa za mwisho

Atakataa chakula. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Kumlazimisha uji kunaweza kumpalia. Badala yake, lowesha kitambaa safi au pamba, mpitishie mdomoni kila mara, na mpake midomo mafuta ya mgando. Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda.

Mikono na miguu itapoa, ngozi inaweza kuwa na mabaka. Mkojo utapungua. Pumzi itakwenda na kusimama, isimame hata nusu dakika, irudi. Kooni patakuwa na mkoromo wa majimaji. Unatisha waliosimama kuliko unavyomsumbua yeye, na kumlaza ubavu husaidia. Dawa ya maumivu isikatwe kwa kuwa amelala. Mpigieni mtaalamu wenu awaeleze namna ya kumpa.

Endeleeni kuzungumza naye, kwa maana kusikia hudumu hata macho yakishafungwa. Msijadili jeneza chumbani mle. Jitaje unapoingia: "Baba, ni mimi, nimerudi." Someni Zaburi ya 23 polepole, na mkifika "kwa maana Wewe upo pamoja nami," simameni hapo kidogo. Baadhi ya watu hushindwa kuondoka mpaka waruhusiwe. Mama alimwambia baba kwa Kichaga kwamba tutapalilia kahawa wenyewe.

Pumzi ikikoma, hakuna haraka. Kaeni dakika kumi kabla ya kupiga simu ya kwanza. Mmoja aseme Baba Yetu. Anayelia alie.

Hatua ya 9: Wabebaji nao wana mabega

Gawaneni usiku kwa zamu na mziandike. Anayeuguza asipumzike huanza kumchukia mgonjwa, kisha hujichukia kwa kumchukia. Akikosa Jumapili tatu kanisani kwa sababu ya kuuguza, jumuiya imfuate nyumbani, wala wasimwulize alikuwa wapi. Usishangae pia kama wewe mwenyewe huwezi kusali kwa miezi kadhaa baada ya mazishi. Wengine watakubeba.

Jambo la mwisho ni dogo, na husahaulika: mofini iliyobaki irudishwe hospitali, isikae kabatini wala isipewe jirani mwenye maumivu ya mgongo. Mimi nilirudisha chupa yetu wiki mbili baada ya mazishi, pamoja na lile daftari lenye kamba. Muuguzi alipima kilichobaki, akaandika kwenye kitabu chake, akafungua daftari letu kwenye ukurasa wa mwisho. Palikuwa na mstari wa saa 12 asubuhi, mwandiko wa mdogo wangu: "Hakuhitaji." Akalifunga, akanirudishia.

"Na mama," akauliza, "anakula?"

Nilisimama pale dirishani na daftari mkononi. Sikuwa na jibu. Nikapanda basi la saa saba kurudi nyumbani kwenda kuangalia.